HIARI YA HOBSON

1. Msemo wenyewe

Mtu aliyefika dukani kununua kitambaa akaliona jora moja tu juu ya meza, kisha mwenye duka akamwambia, "Karibu, chagua upendacho," atacheka au atakasirika. Neno la kuchagua limetajwa, lakini kitu cha kuchagua hakipo. Atakitwaa kitambaa kile, ama atarudi kwake mikono mitupu.

Waingereza wana msemo wa zamani kwa jambo kama hili. Husema kwamba mtu yule amepewa "Hobson's choice", maana yake, hiari ya Hobson. Ni hiari kwa jina tu: twaa hiki ulichopewa, au kose vyote.

Asiyejua asili ya msemo huu aweza kudhani kwamba Hobson alikuwa mfalme mkali au hakimu mwonevu. Sivyo. Hobson alikuwa mchukuzi wa mizigo na mwenye kukodisha farasi, mtu wa kazi asiye na cheo. Walakini jina lake limedumu vinywani mwa watu kwa zaidi ya miaka 300, na wakubwa wengi wa siku zake wamesahauliwa. Tena liko jambo la ajabu zaidi. Amri yake iliyozaa msemo huu haikutoka katika ukali, bali ilitoka katika haki. Kwamba ilikuwa haki ya nani, habari yake itaonyesha.

2. Mchukuzi wa Cambridge

Thomas Hobson alizaliwa karibu na mwaka 1544, wakati Uingereza ilipotawaliwa na Mfalme Henry wa Nane. Baba yake, ambaye naye aliitwa Thomas, alikuwa mchukuzi katika mji wa Cambridge, ulio kaskazini ya London. Cambridge ni mji wenye chuo kikuu cha zamani sana, na tangu kale vijana hutoka pande zote za nchi kwenda kusoma huko. Baba alipofariki mwaka 1568 alimwachia mwanawe gari, na farasi wanane wa kulivuta. Kwa urithi huo kijana Hobson akaanza kazi.

Siku zile hapakuwa na reli wala motokaa. Wala hapakuwa na posta ya kuwapelekea watu wote barua zao, maana Mfalme Charles wa Kwanza aliifungua posta yake kwa watu wote mwaka 1635, na wakati huo Hobson amekwisha kufa. Kabla ya hapo barua ya mtu wa kawaida ilikwenda kwa mkono wa msafiri au wa mchukuzi. Kwa hiyo mchukuzi mwaminifu alikuwa mtu wa thamani kubwa. Mama aliyetaka kumpelekea mwanawe nguo za baridi, baba aliyetaka kupeleka fedha za chakula, mwalimu aliyengoja vitabu kutoka London, wote walimtegemea yeye.

Hobson alipewa ruhusa na Chuo Kikuu kuchukua barua na mizigo kati ya Cambridge na London. Safari hiyo ni ya maili zaidi ya 50, na njia za wakati ule zilikuwa mbovu, zenye matope wakati wa mvua na mashimo wakati wa kiangazi. Huko London alifikia katika nyumba ya wageni iliyoitwa Bull, katika mtaa wa Bishopsgate. Na watu wenye barua au mizigo walijua kwamba wakienda pale watamwona. Aliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 60, akawa tajiri. Katika nyumba ile ya Bishopsgate palikuwa na picha yake iliyochorwa ukutani, naye ameshika mfuko wa fedha kwapani.

3. Farasi wa kukodi

Pamoja na kuchukua mizigo, Hobson alikodisha farasi. Habari za banda lake ziliandikwa mwaka 1712 na Richard Steele katika gazeti la The Spectator lililopigwa chapa London. Hobson alikuwa amekufa miaka 81 kabla yake, na Steele alikosea hata jina lake la kwanza, akamwita Tobias. Lakini habari ya farasi ilikuwa haijapotea.

Steele alieleza kwamba Hobson alikuwa na farasi 40 wazuri, walio tayari kwa safari wakati wote. Tena aliweka viatu virefu vya kupandia farasi, na hatamu, na mijeledi, ili kijana aliyetaka kusafiri asizunguke chuo hata chuo akiazima kiatu huku na mjeledi huku. Alikuja mara moja akapata vyote mahali pamoja, akaenda zake.

Basi, wengi wa waliokodi walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu. Walikuwa vijana, na vijana hupenda mbio. Zaidi ya hayo farasi hakuwa mali yao. Mtu hulitunza jembe lake, lakini jembe la kuazima hulipiga juu ya mawe. Wanafunzi wale walitoka mjini kwa mbio, wakapiga mjeledi njia nzima, na waliporudi jioni farasi alikuwa amelowa jasho, miguu inatetemeka. Waswahili husema, "Punda afe, mzigo ufike." Mwenye mzigo aweza kusema hivyo kwa furaha. Mwenye punda hawezi, na punda mwenyewe hakuulizwa.

Hobson aliwaambia vijana hao kwamba watafika London kwa wakati wake, wasipokwenda mbio kupita kiasi. Ni maana ile ile ya wahenga waliosema, "Haraka haraka haina baraka." Lakini maonyo peke yake hayakutosha kuwalinda farasi, kwa sababu ifuatayo.

Katika kila banda wako farasi wawili watatu walio bora kuliko wenzao. Wana mwendo mwepesi, hawaogopi daraja, hawamtupi mtu. Habari zao huenea upesi. Kila mtu akiachiwa kuchagua apendavyo, wa kwanza atamchagua mmoja wa hao. Wa pili atamngojea arudi, ili ampande kabla jasho lake halijakauka. Wa tatu atatoa fedha za ziada apewe yeye. Hivyo farasi hodari hufanya kazi bila kupumzika, na yule dhaifu husimama bandani akila majani. Baada ya miezi michache aliye hodari amechakaa, mgongo umetoka vidonda, mguu unachechemea. Ndipo watu humwacha, wakamtafuta mwingine wa kumchosha. Wema wake ndio uliomharibu.

4. Sheria ya mlango

Hobson aliliona jambo hili akaweka sheria moja, fupi, isiyohitaji kuandikwa. Mtu aliyekuja kukodi aliingizwa bandani. Aliwaona farasi wote wamesimama katika safu: weupe, weusi, wa rangi ya kahawia, warefu kwa wafupi. Lakini alipoinyosha mkono kumwonyesha yule aliyemtaka, alipata jibu moja tu: atampanda yule aliyesimama karibu na mlango, au hatapanda.

Sababu ya sheria hiyo ni rahisi. Husimuliwa kwamba farasi aliyerudi kutoka safarini aliwekwa mwisho wa safu. Wenzake walipotoka mmoja mmoja, naye alisogea mbele, hata zamu yake ikafika. Kwa hiyo aliyekuwa karibu na mlango ndiye aliyepumzika kuliko wote. Ikiwa farasi 30 wamesimama katika safu, na sita hukodiwa kila siku, farasi wa mwisho atatoka siku ya tano. Katika siku hizo atakula, atalala, na miguu yake itapata nguvu.

Hivyo sheria ya mlango iliwalinda farasi, maana kila mmoja alifanya kazi kwa zamu, aliye hodari hakuonewa kwa ajili ya uhodari wake, wala aliye mvivu hakupata kukaa bure. Steele aliandika kwamba farasi wote walipandwa kwa haki iliyo sawa.

Iliwalinda hata wenye kukodi, ingawa wao hawakufurahi. Mwana wa tajiri na mwana wa maskini walipofika mlangoni waliikuta sheria moja. Tajiri hakuweza kumtwaa farasi bora kwa fedha zake, wala maskini hakuachiwa yule aliyechoka. Kila mtu alipata kwa bahati ya zamu. Huenda leo akapata farasi mwepesi, na safari nyingine akapata mzito. Lakini kila mara alimpata aliyepumzika.

Yafaa kuona pia kwamba sheria hii ilimfunga Hobson mwenyewe. Wako vijana waliokuwa tayari kulipa zaidi wampate farasi wa sifa. Mtu mwenye tamaa angaliziona fedha zile mkononi, akaisahau sheria kwa siku moja. Lakini sheria inayovunjwa kwa ajili ya mwenye fedha si sheria tena, ni bei tu.

Wanafunzi walinung'unika, kisha wakageuza manung'uniko yao kuwa mzaha. Mwenzao alipopewa kitu kimoja tu bila cha pili, walisema amepewa hiari ya Hobson. Mzaha ukatoka chuoni ukaingia mjini, ukatoka mjini ukaenea nchi nzima.

5. Mfereji na mwisho wa mzee

Hobson hakukumbukwa kwa farasi tu. Maji ya Cambridge yalikuwa machafu, na kati ya mwaka 1610 na 1614 ulichimbwa mfereji wa kuleta maji safi kutoka chemchemi za Nine Wells, karibu na kijiji cha Great Shelford, kusini ya mji. Kazi ile ilifanywa na mji pamoja na Chuo Kikuu, na Hobson alikuwa mmoja wa waliosaidia. Katika wosia wake aliacha mali ili mfereji utunzwe baada yake, na hata leo huitwa kwa jina lake. Hapo zamani mtu aliyekuwa hana fedha za kukodi farasi alikunywa maji yale bila malipo.

Mwaka 1630 tauni iliingia Cambridge. Mikutano ilikatazwa, masomo yakasimama, na mchukuzi akaamriwa asiende London, asije akaeneza ugonjwa. Mzee Hobson, aliyekuwa amezoea njia tangu ujana wake, akalazimika kukaa nyumbani. Katika kukaa huko akaugua, akafa tarehe 1 Januari 1631, naye amekwisha kupita miaka 80.

Wakati ule alikuwako mwanafunzi mmoja wa Cambridge aliyeitwa John Milton, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Uingereza. Milton alitunga mashairi mawili juu ya kifo cha mchukuzi. Alifanya mzaha wa upole, kwamba Mauti ilimtafuta mzee huyu miaka mingi isimpate, kwa kuwa kila ilipomwendea yeye alikuwa njiani. Alipokatazwa kusafiri ndipo ilipomkuta. Wanafunzi waliomnung'unikia walikuwa pia wakimpenda.

6. Kuutumia msemo vyema

Watu wengine huutumia msemo huu vibaya. Kwa hiyo ni vizuri kuyapambanua mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kitu kimoja au hakuna. Hili ndilo hiari ya Hobson. Mfano mmoja ni wa kiwanda cha Henry Ford huko Marekani. Tangu mwaka 1914 hata mwaka 1925 motokaa zake za namna ya Model T zilitoka kiwandani zikiwa nyeusi tu. Mnunuzi alitwaa nyeusi, au aliondoka bila motokaa ya Ford. Vilevile, watu wakiitwa kuchagua mwenyekiti, na jina lililoandikwa ni moja peke yake, wamepewa hiari ya Hobson.

Jambo la pili ni mabaya mawili. Mtu aliye mtoni, nyuma yake simba na mbele yake mamba, hana hiari ya Hobson. Yeye ana njia mbili, ila zote ni mbaya. Hata magazeti ya Kiingereza mara nyingine huchanganya jambo hili na lile la kwanza.

Jambo la tatu ni kitisho. Mnyang'anyi amwambiaye msafiri, "Toa fedha au nikuue," hampi hiari ya Hobson. Aliyekataa farasi wa Hobson alirudi kwa miguu, fedha zake mfukoni, wala hakupigwa wala kunyang'anywa. Hobson alikunyima uchaguzi wa farasi, lakini hakukunyima uhuru wa kukataa.

Walakini uhuru wa kukataa nao una mipaka. Mwanafunzi aliyetaka kwenda London kutembea aliweza kusema, "Basi, sitaki." Lakini mtu mwenye njaa, katika kijiji chenye duka moja la unga, atasemaje? Wahenga walisema, "Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa." Mwenye duka akipandisha bei, kisha akamwambia mwenye njaa, "Sikukulazimisha, ni hiari yako," maneno yake yanafanana na ya Hobson, lakini tendo lake halifanani hata kidogo. Hobson alifunga mlango wa uchaguzi ili asiwepo mwenye kuonewa. Huyu ameufunga ili apate kuonea.

7. Haki ya asiyesema

Waswahili wana methali isemayo, "Hiari yashinda utumwa." Ni methali ya kweli, na kwa sababu hiyo mtu akinyimwa kuchagua moyo wake huchukia mara moja. Wako pia waliosema, "Mchagua nazi hupata koroma," wakimwonya yule anayechagua mno. Methali hizi mbili hazigombani. Ya kwanza inafundisha thamani ya uchaguzi, ya pili inafundisha kwamba uchaguzi peke yake si wema wote.

Msemo wa hiari ya Hobson ulitungwa na wenye kupanda farasi. Ndiyo sababu unakumbuka kile walichokosa wao, hausemi lolote juu ya kile walichopata farasi. Farasi hawakuwa na ulimi wa kutunga msemo. Kama wangaliutunga, pengine "hiari ya Hobson" ingalikuwa na maana ya pumziko, na ya zamu iliyo sawa, na ya bwana asiyeuza mgongo wa mtumishi wake kwa fedha za ziada.

Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Hiki, au hakuna," asikimbilie kukasirika, wala asikimbilie kukubali. Na aulize kwanza: sheria hii inamlinda nani? Je, aliyeiweka anaishika yeye mwenyewe, hata inapompotezea fedha? Jibu la maswali hayo litamwonyesha kama amesimama mbele ya mlango wa Hobson, au mbele ya mlango wa mtu mwingine aliyeazima maneno ya Hobson tu.

Maneno ya kujifunza

Hiari: uwezo wa mtu kutenda au kuchagua apendavyo, bila kulazimishwa.
Hatamu: kamba au ukanda wa kumwongozea farasi.
Jora: kitambaa kirefu kilichokunjwa, ambacho hakijakatwa.
Koroma: nazi ambayo haijakomaa vizuri.
Mchukuzi: mtu ambaye kazi yake ni kuchukua mizigo ya watu kwa ujira.
Tauni: ugonjwa mkali wa kuambukiza, uenezwao na viroboto wa panya.
Wosia: maneno ya mtu juu ya mali yake, yafuatwayo baada ya kufa kwake.

Maswali

1. Kwa nini mchukuzi alikuwa mtu wa thamani kabla ya mwaka 1635?
2. Eleza jinsi farasi hodari anavyoharibika ikiwa kila mtu huachiwa kuchagua apendavyo.
3. Farasi 24 wamesimama katika safu, na wanne hukodiwa kila siku. Farasi wa mwisho atatoka siku ya ngapi?
4. Sheria ya mlango ilimfungaje Hobson mwenyewe?
5. Ni lipi kati ya haya ni hiari ya Hobson, na kwa nini? (a) Mgonjwa aliyeambiwa akatwe mguu au afe. (b) Msafiri aliyekuta merikebu imejaa, imebaki nafasi moja tu, karibu na jiko.
6. "Punda afe, mzigo ufike." Andika maneno kumi au zaidi ambayo punda angaliweza kujibu.